Swichi mbili kuitwa 10 bado ni tatizo

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu kampuni zinazoungana na jinsi mafundi wanavyokutanisha mitandao yao ya hifadhi ya data. Nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili likithubutu kuingia kwenye chumba cha swichi, mahali ambapo hata wakurugenzi wenye funguo hawapendi kukaa kwa sababu ya kelele za feni. Lakini aya moja imenikera hadi nikaacha kunywa chai yangu. Mwandishi wenu anasema mitandao pepe miwili ya hifadhi ikigongana namba za swichi, siku hizi hilo si tatizo tena: unawasha tafsiri ya anwani kwenye swichi ya mpakani, kazi imekwisha. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Haishi. Ugomvi unahama tu kutoka mahali unapoonekana kwenda mahali usipoonekana, na anayekuja kuukuta huko kwa kawaida ni fundi wa seva ambaye hakuambiwa chochote.

Kwanza namba zenyewe, maana makala iliziita anwani za diski na sivyo zilivyo. Kwenye Faiba Chaneli, teknolojia inayounganisha seva na diski za mtandao wa hifadhi, kila kifaa kina vitambulisho viwili. Kimoja ni WWN, chenye biti 64, ambacho kifaa hutoka nacho kiwandani. Hicho ndicho wengi wetu tunachoandika kwenye zoni, yaani orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kuonana, na si hicho kinachogombewa hapa. Kingine ni anwani ya biti 24 ambayo kifaa hupewa na swichi kinapoingia mtandaoni, na ndiyo inayokaa kwenye kichwa cha kila fremu, yaani kila kifurushi cha data. Biti hizo 24 zimegawanywa nane nane: za kwanza ni namba ya domeni, yaani namba ya swichi yenyewe, zinazofuata ni eneo, na za mwisho ni poti. Ukiniandikia 0a0300, sihitaji kuuliza: anwani hizi huandikwa kwa msingi wa 16, na 0a ni 10. Kifaa chako kimekaa kwenye swichi namba 10. Kwa hesabu tupu biti nane zingetupa namba 256, lakini nyingine zimetengwa kwa kazi maalumu, zikabaki 1 hadi 239. Katika mtandao mmoja, namba 10 ni swichi moja tu.

Mtandao mmoja ukikua wenyewe, ugomvi huu ni nadra. Swichi huchagua swichi kuu kati yao, na hiyo ndiyo inayogawa namba. Mgeni akija anaomba. Akiomba 10 na 10 ina mwenyewe, anapewa nyingine, au kama fundi amekaza kwamba ni 10 tu na si vinginevyo, mgeni anajitenga. Shida huanza pale mitandao miwili iliyogawiana namba kila mmoja kivyake, miaka mingi, bila kujuana, inapokutanishwa. Na hapo sisi mafundi hatuna wa kumlaumu. Kuna swichi zinazotoka kiwandani na namba 1, na wengi huiacha hivyo hivyo. Anayejiona mwangalifu huweka 10, 11, 20, 21. Sijawahi kukutana na mtu aliyeanza na 173.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ilinunua nyingine. Sisi tulikuwa na swichi namba 10 na 11 kwenye VSAN 20. Wenzetu walikuwa na 10, 11 na 12 kwenye VSAN 30. Kwa wasomaji wasiojua, VSAN ni ujanja uliokuja na swichi za MDS 9000 za Cisco mwaka 2002: chuma kimoja kinagawanywa kuwa mitandao kadhaa isiyoonana, kila mmoja na swichi kuu yake, zoni zake, seva yake ya majina na namba zake za domeni. Domeni 10 ya VSAN 20 na domeni 10 ya VSAN 30 zinaweza kuishi ndani ya sanduku moja miaka kumi bila kusalimiana.

Usiku wa kwanza tulifanya kosa la kitoto. Kabla ya kuweka mipango yoyote ya mpakani, mwenzangu wa upande wa pili, kijana mwerevu aliyekuwa akiniita dada kwa heshima kubwa huku akinibishia kila neno, alichomeka faiba kutoka swichi yao hadi yetu, poti zote mbili zikiwa ndani ya VSAN moja, ili tu aone itakuwaje. Taa iliwaka. Tukasogea kwenye konsoli, tukakuta poti imetengwa, sababu ikiwa domeni zimeingiliana. Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa hata hawapigani. Kila mmoja anarudi kwake na kufunga mlango. Hakuna data iliyopotea. Mpaka leo naona hiyo ni moja ya tabia nzuri kuliko zote za swichi hizi: zikiona majina yamegongana zinakataa kuchanganyika kuliko kubahatisha.

Kijana akataka kuwasha upya ugawaji wa domeni kwa nguvu, ile njia inayozilazimisha swichi zote ziache namba zao na kuomba upya. Nilimshika mkono, kweli kabisa, nikautoa kwenye kibodi. Namba ya domeni ikibadilika, anwani ya kila kifaa kwenye swichi ile inabadilika. Seva zote zinatoka na kuingia upya. Ilikuwa saa nne usiku, na mifumo ya mishahara ilikuwa inakimbia kwenye diski zile zile.

Asubuhi nilimpelekea bosi njia mbili. Ya kwanza, kubadilisha namba upande mmoja kwa utaratibu, wikiendi mbili. Ya pili, kuacha kila mtandao na namba zake na kuvusha data kati ya VSAN kwa IVR, tukiwasha tafsiri ya anwani, ile NAT. Bosi alisikia maneno mawili tu, "bila kuzima", akasaini ya pili. Nilijua atafanya hivyo. Nikiri kwamba na mimi sikupinga sana, nilitaka kuijaribu.

Hapa niieleze kazi yenyewe, kwa sababu mwandishi wenu aliiruka na ndipo utamu ulipo. IVR ni uelekezaji kati ya VSAN. Unataka seva moja ya VSAN 30 isome diski moja ya VSAN 20, bila mitandao kuungana. Unatengeneza zoni ya pekee yenye WWN za wote wawili na VSAN ya kila mmoja. Swichi ya mpakani inazisambaza pande zote, na ukiangalia kwenye orodha ya zoni za kawaida utazikuta zimeanza na herufi IVRZ. Bila tafsiri, anwani zinavuka zilivyo. Diski ya 0a0300 inaonekana upande wa pili ikiwa 0a0300, kwa hiyo domeni 10 lazima iwe ya mtu mmoja tu katika VSAN zote zinazoguswa. Sisi tulikuwa na 10 mbili. Njia hiyo ilikuwa imefungwa.

Ukiwasha tafsiri, swichi ya mpakani inakwenda kwa swichi kuu ya VSAN 30 na kuomba namba ya domeni kwa niaba ya VSAN 20 nzima. Tulipewa 97. Ikaenda pia kwa swichi kuu ya VSAN 20 na kuomba kwa niaba ya VSAN 30. Tukapewa 95. Tangu hapo seva ya wenzetu iliamini diski yetu iko kwenye swichi namba 97, na diski yetu iliamini seva ile iko kwenye swichi namba 95. Swichi hizo hazipo. Huwezi kuzigusa, hazina feni, hazina taa. Fremu ikifika mpakani inafutwa anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, inaandikwa nyingine, inaendelea na safari. Kazi safi. Mara ya kwanza nilipoona diski za VSAN 20 zimejitokeza kwenye seva ya VSAN 30 nilipiga makofi peke yangu, na mlinzi akachungulia.

Gharama ya kwanza ilionekana wiki ile ile, nayo ni ndogo: logi hazilingani. Fundi wa diski ananitumia anwani inayoanza na 5f, yaani 95, fundi wa seva ananitumia inayoanza na 0a, wote wanazungumzia seva moja, na wote wanasema kweli. Nilitengeneza jedwali nikalibandika kwenye mlango wa kabati. Tulivumilia.

Gharama ya pili ilikuja kupitia bakapu. Tafsiri inabadilisha kichwa cha fremu, lakini kuna ujumbe unaobeba anwani tumboni. Kifaa kikiaga, ujumbe wa kuaga una anwani ya anayeaga ndani yake. Kikihakikisha kama mwenzake bado ni yule yule, vivyo hivyo. Watengenezaji wa IVR walilijua hilo, na swichi inafungua tumbo la orodha fulani ya ujumbe wa aina hiyo na kurekebisha. Ujumbe usiokuwamo kwenye orodha unapita na anwani ya zamani ndani, na mpokeaji anaisoma kama ilivyo. Programu yetu ya bakapu ilikuwa inatumia amri ya SCSI (lugha ambayo seva huzungumza na diski) ya kunakili moja kwa moja kutoka diski hadi tepu bila data kupita kwenye seva, na ndani ya amri hiyo vifaa vinaweza kutajwa kwa WWN au kwa anwani. Yetu ilitaja kwa anwani. Chombo cha kunakili kilikuwa upande wetu, kikapokea agizo la kwenda kwenye domeni 97, namba ambayo upande wetu haikuwa ya mtu. Nakala za usiku zilikwama na hakuna swichi iliyoandika kosa hata moja, kwa sababu kwa upande wa swichi hakukuwa na kosa. Siku tatu tulikuwa tunabadilisha nyaya. Nyaya!

Gharama ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike barua hii.

Miezi kumi na moja baadaye kulikuwa na matengenezo ya umeme. Swichi ya mpakani ilizimwa kwa muda wa saa mbili. Usiku huo huo, kwa ratiba nyingine kabisa, timu ya wenzetu ilichomeka swichi mpya kwenye VSAN 30. Haikuwa imekazwa namba. Ilikuwa na 0, maana yake nipe yoyote. Swichi kuu ikatazama, ikaona 97 iko wazi kwa kuwa mwenye kuiomba alikuwa amezimwa, ikampa mgeni. Umeme uliporudi, swichi ya mpakani ikaomba 97 yake ya zamani, ikaambiwa ina mtu, ikapewa 103. Zoni zikawaka. Kila kitu kikaonekana kijani. Kwa seva nyingi kweli kilikuwa kijani, kwa sababu zinamtambua mwenye diski kwa WWN na hazijali amehamia wapi.

Wenzetu walikuwa na seva mbili za HP-UX, mfumo endeshi wa HP. Katika matoleo ya zamani, njia ya kifaa kwenye HP-UX inaandikwa ikiwa na namba ya domeni, eneo na poti ndani yake, kwa desimali, wazi kabisa. Faili za vifaa zilikuwa zinaelekea 97. Diski zilikuwa 103. Kwa seva zile, diski za zamani zilikufa na diski nyingine zisizojulikana zilizaliwa. Toleo la 11i v3 la mwaka 2007 lilileta majina yasiyofuata njia, lakini zile mbili hazikuwa na toleo hilo. AIX, mfumo endeshi wa IBM, nayo ilikuwa na ugonjwa wa aina hiyo hadi ilipopata mpangilio wa dyntrk wa kuifuatilia anwani inapohama, na siku zile ilikuwa lazima uuwashe mwenyewe. Tulifanya kazi kuanzia saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi kurudisha kila kitu. Msimamizi wa seva zile, mzee mtaratibu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, aliniuliza swali moja: swichi namba 97 ilikuwa wapi, kwa sababu ameitafuta kwenye makabati yote. Nilimwambia haijawahi kuwapo. Alinitazama kwa muda mrefu sana.

Najua nitajibiwa kwamba kosa lilikuwa langu, na sibishi. IVR inakuruhusu kukaza domeni pepe na anwani zake ziwe za kudumu, na kuiingiza domeni hiyo kwenye orodha ya namba zilizokwisha gawiwa. Sikufanya hayo. Nilikuwa nimeambiwa, kama wasomaji wenu walivyoambiwa, kwamba unaiwasha na kazi imekwisha. Lakini mtazame kazi hiyo ya kukaza ni nini: ni kukaa chini, kuandika namba za swichi zote za pande zote, kuchagua zisizo na mtu, kuzitengea nafasi na kumkataza kila mmoja asiziguse. Ni kazi ile ile ya kupanga namba tuliyoikwepa, sasa tunaipanga kwa ajili ya swichi za hewani.

Tulibadilisha namba baada ya hapo, na wikiendi mbili zilitosha. Mtandao wa hifadhi wa watu makini huwa pacha, upande A na upande B, na kila seva ina njia kwenye pande zote mbili. Unazima A, unabadilisha domeni zake, unairudisha, unahakikisha njia zimerejea, halafu wiki inayofuata unafanya B. Kilichokula muda ni kukagua kwanza kama kweli kila seva ina njia mbili hai. Tulikuta kadhaa ambazo njia yake ya pili ilikuwa imekufa zamani bila mtu kujua, moja kwa sababu faiba ilikuwa imebanwa na mlango wa kabati. Zile za HP-UX tulizipangia muda wake na kuzibadilishia njia kwa mkono. Kisha tukagawa safu: sisi 1 hadi 40, wao 41 hadi 80, domeni pepe kuanzia 200, zote zimekazwa, na kila swichi imewekewa orodha ya namba inazoruhusiwa ili mgeni wa 0 asijichukulie tu. Namba 97 hadi 127 tuliziacha kabisa, kwa kuwa ile hali ya zamani ya maelewano kati ya watengenezaji haikukubali nje ya hizo, na tulikuwa na swichi moja mzee iliyobaki humo.

IVR bado tunaitumia, bila tafsiri. Anwani inayotoka kwa fundi wa diski na inayotoka kwa fundi wa seva ni moja, na jedwali la mlangoni nimelibandua.

Sisemi tafsiri ni kitu kibaya. Kama mitandao ni ya wenyewe wawili ambao hawataungana kamwe na mmoja hana haki ya kumbadilishia mwenzake namba, sioni njia nyingine. Brocade nao kwa ruta zao na zoni za LSAN wanatafsiri pia na kuunda swichi za hewani, kwa hiyo hili si la mtengenezaji mmoja. Kama ni miezi mitatu ya kuhamisha data na baadaye upande mmoja unazimwa, itumie kwa amani, ukumbuke tu kuiwasha kwenye swichi zote za IVR na si ile moja uliyoketi mbele yake. Ninachokataa ni gazeti kumwambia mkurugenzi kwamba mgongano wa namba umekwisha kabisa duniani. Mkurugenzi akisoma hivyo, fundi wake akija kuomba wikiendi mbili atafukuzwa ofisini na makala yenu ikiwa mezani.

Jambo la mwisho ni mchoro wenu. Umeonyesha swichi ya mpakani katikati na namba moja pepe juu yake, kana kwamba pande zote zinaiona kwa namba hiyo. Zinatakiwa namba mbili, moja kila upande, na hakuna sharti zifanane. Kwetu zilikuwa 97 na 95. Naomba mrekebishe, kwa sababu yupo mtu atakayeukata mchoro ule na kuubandika kwenye kabati.

Msomaji wenu,
Fundi wa mitandao ya hifadhi